Kamera Haisemi

Watu husema kamera haidanganyi. Ni kweli haidanganyi, kwa sababu haisemi. Anayesema ni aliyeishika.

Chukua hiki kitu tunaita otomatiki. Ukiiacha kamera ijipangie mwangaza, inadhani vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, ni kijivu cha kati, kile ambacho wapigapicha hukiita cha asilimia 18. Sasa msimamishe nyanya yangu, mweusi tititi, mbele ya ukuta mweupe saa sita mchana. Kamera inaona weupe mwingi, inapunguza mwangaza. Ukuta unatoka poa. Nyanya anageuka kivuli. Hakuna aliyemkosea, sivyo? Ni mashine tu. Lakini mimi ninaweza kufungua lenzi zaidi hadi uso uonekane, hata ukuta ukiungua. Sikumaliza chuo, kwa hivyo sina jina la kitaalamu la swali hili. Najua tu kwamba kimoja kitapotea: unaokoa uso au ukuta?

Na mashine nayo ilifundishwa na watu. Kwa miaka mingi Kodak ilizipa maabara za kusafishia picha kadi ya mwanamke Mzungu, maarufu kama kadi ya Shirley, ili rangi zirekebishwe kwa kufuata ngozi yake. Hiyo ndiyo iliitwa kawaida.

Halafu kuna fremu. Mwaka jana nilipata kibarua cha kurekodi mama mmoja fundi wa nguo mtaani. Mteja alitaka nimrekodi kutoka juu, mtaro wa maji taka ukiwa mbele yake. Kutoka juu mtu huonekana mdogo. Kila mpiga video anajua hilo, na wateja pia wanajua. Mtaro ulikuwepo, sibishi. Lakini hatua tatu kando kulikuwa na cherehani yake, na watoto wakingoja sare zao. Nilishusha stendi hadi lenzi ikawa sawa na macho yake, nikasogea kushoto. Mtaro ukabaki pembeni, cherehani ikaingia. Mteja hakufurahi, na hajanipigia tena. Kodi ya nyumba nayo haijali pembe ya kamera.

Utaniambia: basi na wewe umechagua. Ndiyo. Fremu ina kuta nne, na kila unachokiingiza kinasukuma kingine nje. Kama uaminifu ungekuwa kutochagua, hakuna picha hata moja ingekuwa ya uaminifu.

Kuna jaribio moja tu ninaloliamini. Keti kando ya uliyemrekodi, mwonyeshe video yote, mwanzo hadi mwisho. Ukijikuta unataka kuruka sehemu fulani kabla hajaiona, basi hapo ndipo ulipomkosea.