UJIRA NI WA KAZI AU NI WA ASILI YA MTU?



Twataka kulitazama suala moja ambalo jibu lake huonekana jepesi, nalo si jepesi. Wanawake wawili wakifanya kazi moja, kwa saa zile zile, je, yafaa mmoja apunguziwe ujira kwa sababu ya taifa lake au kabila lake? Kila mtu atajibu upesi kuwa haifai. Lakini wengi wenye kujibu hivyo hutenda kinyume chake majumbani mwao, wala hawahisi.

Kwa wasioujua, mji huu wa Malakisi u katika Bungoma, karibu na mpaka wa Uganda. Zamani tegemeo lake lilikuwa pamba, na kiwanda cha kuichambua kilikuwa hapa hapa. Wengine walikwenda Kitale, kwenye mashamba ya walowezi, ambako mke wa kibarua aliitwa wakati wa mavuno kwa ujira ulio chini ya ule wa mumewe. Siku hizo zimepita. Pamba imefifia, na kiwanda cha karatasi cha Webuye kilifunga milango yake mwaka 2009. Leo binti wa huku hushika njia ya Nairobi au Mombasa kufanya kazi za nyumbani, na wengine huvuka bahari mpaka Saudia, Omani na Falme za Kiarabu. Soko la kazi limegeuka, na mzigo utokao Malakisi sasa ni mikono ya mabinti.

Huko Ghuba mshahara wa mtumishi hufuata taifa lake. Wachunguzi wa haki za binadamu waliyaandika hayo juu ya Falme za Kiarabu mwaka 2014, na juu ya Omani mwaka 2016. Mfilipino yuko juu; Mwafrika yuko chini. Watu husema kuwa Mfilipino ana ujuzi zaidi. Nasi twakiri kwamba ujuzi una thamani yake, na kumzidishia mjuzi si dhulma. Lakini kama ujuzi ndio mizani, basi apimwe kila mmoja kwa ujuzi wake. Bei ikipangwa kwa taifa kabla mtu hajaonekana, wala hajaulizwa anajua nini, hicho kilichopimwa si ujuzi. Sababu iliyo karibu zaidi na ukweli ni kwamba mwaka 2006 serikali ya Ufilipino iliamua kuwa raia wake asiende kutumika majumbani ng'ambo kwa chini ya dola 400 kwa mwezi. Basi tofauti haikuwa katika mikono ya wanawake hao, bali katika nani aliyesimama nyuma yao.

Hoja ya pili ni ridhaa. Husemwa, "Binti alikubali mwenyewe, na mkataba ni mapatano." Ni kweli kwamba mkataba hauwi ila kwa ridhaa. Lakini ridhaa ya mwenye njaa si sawa na ridhaa ya aliyeshiba. Wanavyuoni wa fiqhi wanayo istilahi ya ujratul-mithli, yaani ujira wa mfano: pasipotajwa ujira, au mkataba ukiharibika, mfanyakazi hupewa kile wanacholipwa wafanyao kazi kama yake. Twaona katika kanuni hiyo mafunzo makubwa, maana yatuonyesha kuwa kazi ina thamani yake, hata pale ambapo ulimi wa mhitaji haukuweza kuitaja.

Hoja ya tatu ndiyo yenye fundo. Husemwa, "Huyu katoka mbali, na kwao kidogo chatosha." Hebu tuikumbuke tarehe yetu. Katika utumishi wa serikali ya kikoloni, Tume ya Holmes ya mwaka 1948 iliikubali kanuni ya kumlipa asiye Mzungu sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu kwa kazi ile ile, mpaka Tume ya Lidbury ya mwaka 1954 iliposhauri mishahara ya rangi iondolewe. Na miongoni mwa sababu zilizotolewa za kumzidishia Mzungu ni kuwa katoka mbali! Basi umbali ule ule kwa Mzungu ulikuwa hoja ya kuongezwa, na kwa binti wa Malakisi umekuwa hoja ya kupunguziwa. Hoja inayogeuka hivyo kwa kumtazama aliye mbele yake si hoja, bali ni kisingizio cha mwenye nguvu.

Sasa na tujitazame. Amri ya mishahara ya mwaka 2022 ilimwekea mtumishi wa nyumbani wa Mombasa kima cha chini cha shilingi 15,201 na senti 65 kwa mwezi, na wa vijijini shilingi 8,109 na senti 90. Ni wangapi katika miji yetu ya Pwani wamlipao binti wa bara ujira wa kijijini kwao, au chini yake, ilhali sakafu apigayo deki ni ya Mombasa, na dawa anunuayo ni ya bei ya Mombasa? Binti wa jirani tungemwonea haya kumtajia fedha hizo. Huyu wa bara hatumwonei, kwa kuwa mama yake hatukutani naye njiani. Kisha twasikia khabari za Ghuba, tukalia! Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Wala asiseme mtu kwamba jambo hili haliwezekani. Qatar ilitunga sheria mwaka 2020, ikaanza kutumika mwaka 2021, ya kima cha chini cha riyali 1,000 kwa kila mfanyakazi wa taifa lolote, watumishi wa nyumbani wakiwemo.

Basi yatupasa mambo matatu. Ujira utajwe na uandikwe kabla ya kazi kuanza. Mzazi asimkabidhi wakala binti yake mpaka mkataba usomwe mbele yake kwa lugha anayoifahamu. Na kila mwenye nyumba ajiulize: lau kazi hii ingefanywa na binti yangu katika nyumba ya watu, ningeridhia alipwe ngapi? Jibu atakalolipata, alitie mkononi mwa binti wa watu mwisho wa mwezi huu.