Upangaji na Ujirani

Kiswahili kina neno moja, mgeni, kwa mtu aliyealikwa chakula na kwa mtu asiyejulikana atokako. Wote wawili hupokewa kwa jina hilo, na wajibu wa mwenyeji kwao huanza mlangoni. Kiingereza hakikuridhika na neno moja. Mwingereza aendaye ng'ambo kufanya kazi ya benki hupewa jina la heshima, lidokezalo kwamba kwao kungali kwao na kwamba safari yake ni ya hiari. Mbangladeshi aendaye mji ule ule kuendesha teksi hupewa jina jingine, ambalo aghalabu hutajwa pamoja na neno mpaka na neno tatizo. Kazi zote mbili ni halali, kodi zao hupokewa na serikali moja, na yamkini vyumba vyao viko katika nyumba moja. Walakini jina humfanya mmoja ajione msafiri na mwenziwe ajione mwombaji. Hapo ndipo lizaliwapo swali: mtu akaaye ugenini kwa hiari yake ana deni gani kwa mahali anapokaa?

Pahali pafaapo kulipima swali hili ni Queens, wilaya mojawapo katika tano za jiji la New York. Iliunganishwa na jiji hilo mwaka 1898, na katika hesabu ya watu ya 2020 ilikuwa na wakaazi 2,405,464, ambao karibu nusu yao walizaliwa nje ya Marekani. Reli ya namba 7, iliyofika Flushing mwaka 1928, hupita juu ya nguzo za chuma katika sehemu kubwa ya njia yake. Chini ya nguzo hizo mtu aweza kutembea kutoka maduka ya Wafilipino wa Woodside hata ya Wahindi, Wabangladeshi na Watibeti wa Jackson Heights, akapita kwa watu wa Ekwado na Meksiko huko Corona, akatokea kwa Wachina na Wakorea wa Flushing.

Mchanganyiko huo haukuota kama nyasi. Sheria ya Marekani ya 1924 iligawa nafasi za kuingia kwa asili ya mataifa. Iliwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini na magharibi, ikawafungia Waasia karibu kabisa. Mpango huo uliondolewa na sheria aliyoitia sahihi Rais Johnson tarehe 3 Oktoba 1965, karibu na Sanamu ya Uhuru. Jackson Heights yenyewe ilijengwa baada ya daraja la 1909 kuiunganisha Queens na Manhattan, na wajenzi wake walikuwa wakiwakataa Wayahudi na watu weusi. Ni kiroja cha historia kwamba fleti zilizotengwa kuwaepuka watu wa namna nyingine ndizo sasa zenye watu wa kila namna.

Na achukuliwe Mjerumani au Mwingereza mwenye mkataba wa miaka mitatu. Akiona kodi za Manhattan zinamshinda, huvuka mto akapata chumba Astoria au Sunnyside, kisha huwaandikia wa kwao kuzisifu neema mbili za mtaa: urahisi wa maisha na wingi wa mataifa. Sifa zake si za uongo, wala furaha yake si kosa. Lakini kila neema ina upande asiouandikia.

Urahisi ni wa nani? Yeye hupima kwa mizani ya Manhattan. Mwosha vyombo katika hoteli hupima kwa mshahara wake, na kwa mizani hiyo chumba kile kile ni ghali. Kwa hiyo hulala kwa zamu na wenzake, au hushuka katika vyumba vya chini ya ardhi, ambavyo vingi havikuidhinishwa na sheria. Usiku wa tarehe 1 Septemba 2021, mabaki ya kimbunga Ida yalipomwaga mvua jijini, watu 13 walikufa. 11 kati yao walikuwa katika makao ya namna hiyo, na wengi wao Queens. Hakimu mwepesi atasema vyumba hivyo vifungwe vyote. Naam, na asemapo hivyo aonyeshe na pahala watakapolala wakaao humo, kwa maana mwenye nyumba mara nyingi naye ni mhamiaji anayelipa deni la nyumba kwa chumba hicho, na mpangaji ni mtu wa nchi yake asiyepokewa kwingine.

Mjerumani hakuinyesha mvua. Walakini msukumo uliomvusha mto yeye ndio unaomsukuma mwingine chini ya sakafu, na kila mwenye mshahara mnono akubaliye kodi bila kuuliza humwongezea mwenye nyumba ujasiri wa kuipandisha. Hakuna mtu mmoja mwenye hatia. Madhara yapo hata hivyo. Wako wasemao kwamba heshima ni kuhama. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani chumba atakachokiacha kitachukuliwa na mwenye fedha zaidi. Linalomhusu ni kuujua muda wa mkataba wa jirani yake kama aujuavyo wake, na kuhudhuria wapangaji wanapokusanyika kudai joto wakati wa baridi.

Wingi wa mataifa nao hugeuzwa bidhaa upesi. Mtu hula maandazi ya nyama ya Watibeti Jumatatu na mikate ya mahindi ya Wakolombia Jumanne, akajiona ameipenda dunia, ilhali hajui jina la mama apandaye naye ngazi. Atajitetea kwamba ndivyo waishivyo wote: kila jamaa na msikiti wake, hekalu lake na lugha yake, na amani yatokana na kutotazamana sana. Utetezi huu una nguvu. Amani ya kupishana ni amani, na wengi waliotoka katika vita huitamani kuliko mapenzi ya majirani.

Walakini Flushing ina habari ya zamani izidiyo hapo. Mwaka 1657, zama za utawala wa Waholanzi, gavana Peter Stuyvesant aliharimisha kuwapokea Wakweka, wale Marafiki ambao misheni yao ilifika Kaimosi, Kenya, mwaka 1902. Watu wapatao 30 wa Flushing walimwandikia kwamba hawawezi kutii. Hawakuwa Wakweka. Walikuwa Waingereza waliokaa chini ya serikali isiyo yao, katika ardhi ya Wamatinecock waliokuwako kabla ya wote. Karani wao, Edward Hart, alifungwa. John Bowne aliyewakaribisha Wakweka nyumbani mwake alikamatwa mwaka 1662 akahamishwa nchi; alipeleka malalamiko Amsterdam, na mwaka 1663 kampuni iliyotawala koloni ikamwagiza gavana aziache dhamiri za watu. Barabara iliyopewa jina la Bowne ina hekalu la Kihindu la Ganesha, lililowekwa wakfu mwaka 1977.

Kwa hiyo mgeni hakosi la kumfanyia mgeni mwenziwe. Hawezi kupiga kura, ni kweli. Hadi 2002 wazazi wasio raia walichagua wajumbe wa bodi za shule jijini. Sheria ya baraza la jiji ya kuwapa wasio raia kura katika chaguzi za jiji ilibatilishwa na mahakama kuu kabisa ya jimbo mwezi wa Machi 2025. Lakini Hart naye hakuwa na kura juu ya Stuyvesant.

Mithali isemayo mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, aliyoitumia Mwalimu Nyerere mwaka 1962, kwa kawaida huelekezwa kwa mvivu. Yaweza kusomwa kwa upande wa pili: apewaye jembe amehesabiwa miongoni mwa wenye shamba. Na majembe hayalingani uzito. Mpeleka chakula kwa baiskeli asiye na hati akilalamika juu ya paa livujalo huenda akapoteza nchi. Mwenye mkataba na pasipoti yenye nguvu akilalamika juu ya paa lile lile, aghalabu hupoteza jioni moja tu ya kuandika barua.