Siku ya Tisa

Mama huyu nimemtunga, kwa sababu wa kweli hawasemi. Kaa na wanawake sokoni Uyole au Mwanjelwa, jijini Mbeya, watakusimulia uchungu wa kuzaa, marejesho ya kikundi, hata vituko vya mawifi. Ukiuliza kuhusu kitanda baada ya tiba ya shingo ya kizazi, mtu anaanza kupanga upya viazi vilivyokwisha kupangwa. Basi mchukulie mama mmoja wa Uyole, mwenye watoto watatu, ambaye mumewe husindikiza lumbesa za viazi hadi Dar es Salaam.

Alimpeleka mtoto kliniki, akashauriwa apimwe naye. Nesi akampaka siki iliyozimuliwa kwenye shingo ya kizazi, akasubiri dakika moja, pakatokea weupe. Akamweleza kuwa hiyo si saratani, ila ni mabadiliko ambayo yakiachwa yanaweza kuwa saratani miaka mingi baadaye. Akatibiwa siku hiyohiyo kwa baridi kali: dakika 3 za kugandisha, 5 za kuacha iyeyuke, kisha 3 tena. Maelekezo yalikuwa mafupi kuliko tiba yenyewe. Majimaji yatatoka kwa wiki kadhaa, usijisafishe kwa ndani, usikutane na mume kwa wiki 4, mkishindwa mtumie kondomu, urudi baada ya mwaka.

Njiani akapiga hesabu. Mume kaondoka juzi na msimu umechanganya; mwezi utaisha kabla hajarudi. Ya nini kumwambia? Na angeanzia wapi? Alisikia kwamba chanzo ni kirusi cha ngono, na kwake kulitamka hilo mbele ya mume kulikuwa sawa na kukiri zinaa ambayo hakuifanya.

Hapo nesi angemwokoa kwa maneno machache. Kirusi hicho, HPV, huwapata karibu watu wote wanaofanya ngono wakati fulani wa maisha yao. Mwanamume mara nyingi hukibeba bila dalili yoyote. Kinaweza kulala mwilini miaka na miaka, kikaja kuonekana ndani ya ndoa ambayo hakuna aliyeisaliti. Kuwa nacho hakuthibitishi lolote juu ya mke, wala juu ya mume.

Bei ilikuwa nzuri Dar, mzigo ukaisha upesi, na mume akarudi siku ya tisa na kitenge mkononi. Usiku wa kwanza mama alisema tumbo linamsumbua. Wa pili akajifanya amelala. Wa tatu mume akauliza, kwa sauti ya chini, kama kuna mtu mwingine. Mama akakubali kukutana naye ili swali lile life. Kondomu hakuitaja, maana kuitaja kungelifufua.

Alivuja damu. Baada ya siku chache majimaji yakaanza kunuka, homa ikapanda. Akanunua vidonge duka la dawa na kujitibu mwenyewe. Hakurudi kituoni kwa sababu alijua ataulizwa nini, na mwaka ulipotimia hakwenda kwa sababu ileile.

Wiki 4 hizo zinatolewa kwa sababu pale palipogandishwa ni kidonda kibichi, na kidonda ni mlango. Huku Nyanda za Juu Kusini mlango huo si wa kuachwa wazi: utafiti wa kitaifa wa 2016–2017 ulikuta VVU kwa asilimia 11.3 ya watu wazima mkoani Iringa na 9.3 Mbeya. Mwanamke anayeishi na VVU naye ana hatari ya kupata saratani hii mara 6 zaidi ya asiye navyo, kwa hiyo marudio ya kliniki kwake ni jambo la uhai.

Mama huyu ana mdogo wake, ameolewa Mafinga mkoani Iringa, na yeye aliwahi kutibiwa hivyohivyo. Hakuwa na ujasiri zaidi ya dada yake. Alichofanya ni kumpigia mumewe palepale kliniki, akasema, "Baba, ongea na nesi," akampa nesi simu. Yule bwana aliuliza jambo moja tu: mmemtoa kizazi? Akajibiwa kwamba kizazi kipo salama, mimba anaweza kupata, na akishapona watakutana kama kawaida.

Wiki 4 zikapita, kidonda kikapona, lakini mwili ukagoma. Kila mume aliposogea, alikaza misuli, akaumia, na hamu ikakimbia. Nimekisimulia kipande hiki makusudi, kwa kuwa wengi hudhani siku zikishatimia basi kila kitu kimerudi mahali pake. Hofu haina kalenda. Alirudi kliniki akasema hivyo kwa kinywa chake, akachunguzwa, akaambiwa kidonda kimefunga. Akashauriwa wasiharakishe, waanze na maongezi na kushikana, na maumivu yakiendelea arudi tena. Ndoa yao ilichukua muda kuchangamka, lakini hakuna aliyemshuku mwenzake.

Ni huyo mdogo mtu aliyemburuta dada yake kliniki miaka mitatu baadaye. Weupe ulikuwa umerudi, mpana kuliko ule wa kwanza, na sasa kugandisha hakukutosha. Akapewa rufaa akakatwe sehemu ile kwa waya wa umeme. Bado haikuwa saratani.

Safari hii mume alikuwa ameketi kwenye benchi la nje, kofia magotini. Nesi akamwita ndani, akamweleza yote, pamoja na kwamba tiba hii nayo inataka wasubiri. Mzee alinyamaza kitambo. Kisha akatoa daftari lake la kuhesabia lumbesa, akafungua ukurasa mtupu, akauliza kama hizo wiki zinaanza kuhesabiwa leo au kesho.