Asiyekuwepo na Lake Halipo?

Pssss! Sekunde chache tu, basi. Hakuna moshi, hakuna harufu, hakuna jirani aliyegeuza shingo. Nati ikaota ukungu mweupe, vidole vyangu vikafa ganzi kwa baridi, halafu kimya. Spana ilikuwa mkononi mwangu mimi. Tangu siku ile, ndugu msomaji, nina swali lililonikwama kooni: kosa lisilomuumiza mtu yeyote unayemwona, ni kosa?

Mjomba wangu wa Mshangano ana Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1982. Kwa miaka mingi ilikaa bandani, kuku wakitagia kiti cha nyuma. Alipostaafu akaapa kuirudisha kama ilivyotoka kiwandani: rangi ileile, redio ileile ya kaseti, kiyoyozi kilekile. Vijana wa kijiweni walicheka sana. Songea hii, ambako mwezi wa sita watu wanajifunika mablanketi mawili, kiyoyozi cha nini?

Mjomba hakuona kichekesho. "Mpwa wangu," akaniambia, "siku ukishuka Kitonga ukafika Ruaha Mbuyuni, ndipo utanielewa. Tena kitu kikitengenezwa kitengenezwe chote. Nusu nusu ni uongo."

Fundi akaja, akapima. Kompresa ilikuwa imekwama, lakini ajabu, ndani ya mabomba bado mlikuwa na gesi ya zamani, ile iitwayo R-12. Fundi hakunificha kitu. Alisema gesi hii haiachiwi hewani. Inanyonywa kwa mashine na kuhifadhiwa kwenye mtungi. Yeye mashine hana, na aliyoijua iko mbali. "Ila," akasema huku akiangalia pembeni, "wengi tunaiachia tu." Mjomba alikuwa na haraka. Mimi nikachukua spana.

Sasa, hiyo gesi ni nini hasa? Zamani majokofu yalitumia gesi za sumu, na zikivuja watu walikufa. Mwaka 1930 mkemia Mmarekani, Thomas Midgley, alisimama mbele ya wanasayansi wenzake, akavuta gesi mpya kifuani, akaipuliza kwenye mshumaa. Mshumaa ukazimika, yeye akabaki mzima. Gesi isiyoua wala kuwaka! Nani asingepiga makofi? Mwaka 1974 ndipo Mario Molina na Sherwood Rowland walipoonyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda juu kabisa angani, zikavunjwa na jua, na klorini yake ikala ozoni inayotukinga na mionzi mikali. Mwaka 1985 dunia ikatangaziwa tundu juu ya Antaktika. Mwaka 1987 ukatiwa saini Mkataba wa Montreal. Tanzania ikajiunga mwaka 1993, na nchi zinazoendelea zikapewa hadi mwaka 2010 kuachana na gesi hizo.

Hayo yote niliyasoma baada ya kulegeza nati. Ndiyo kawaida yetu: tunatenda kwanza, tunasoma baadaye. Lakini nisijitetee. Fundi alikuwa ameshaniambia.

Pale kijiweni nilipoleta hoja hii, jamaa mmoja alinikata kauli: "Acha hizo, bwana! Wazungu wamejaza anga kwa miaka sitini, leo wewe na kigari kimoja cha Mshangano ndio unajiona mkosaji?" Hoja ina uzito, sikatai. Tena karibu na ikweta ozoni haikupungua sana. Aliyeungua zaidi ni mtu wa kusini ya mbali, ambaye sitamjua kamwe. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo. Basi kesi imekwisha?

Haijaisha. Nilikaa nikapiga hesabu. Gari kama lile likijaa hubeba kama kilo moja ya gesi. R-12 pia hupasha dunia joto, kilo kwa kilo, zaidi ya mara 10,000 ya hewa ya ukaa. Hata kama mlibaki nusu kilo tu, pssss yangu ni sawa na kuchoma zaidi ya lita 2,000 za petroli. Na itakaa angani takriban miaka mia. Mkulima wa mahindi atakayeingoja mvua wakati huo hajazaliwa. Hayupo. Lakini lake lipo, na nimelichukua bila hodi.

Na huyo jamaa wa kijiweni asisahau jambo moja: ozoni inapona. Wanasayansi wanatarajia kwamba kwa sehemu kubwa ya dunia itarudi ilivyokuwa mwaka 1980 ifikapo karibu mwaka 2040. Inapona kwa sababu nchi baada ya nchi, kubwa kwa ndogo, zilikubali kuhesabu tone lao. Haba na haba haijazi kibaba cha wema tu, hujaza cha ubaya pia.

Benzi ya Mjomba sasa inapoza. Imewekewa kompresa nyingine, mafuta mengine, na gesi ya R-134a isiyodhuru ozoni. Ya kiwandani? Kwa macho tu. Na hata hiyo R-134a hupasha joto zaidi ya mara 1,300 ya hewa ya ukaa, ndiyo maana mwaka 2016, kule Kigali, mataifa yalikubaliana kuipunguza. Dawa ya jana ndiyo ugonjwa wa leo. Midgley hakujua. Sisi tunajua, na hapo ndipo tunapoachana naye.

Juzi jirani alileta pikapu yake kuukuu, yenye gesi ileile. Nikamsihi asubiri mpaka ipatikane mashine. Akanitazama, akacheka: "Ya mjomba wako uliachia, ya kwangu ndiyo dhambi?"

Sikuwa na jibu. Nilisimama tu mbele ya pikapu, spana mfukoni, nikarudia ombi langu. Mkosaji hana haki ya kukataza kosa? Au yeye ndiye wa kwanza kupaswa kulikataza? Wenzangu, nisaidieni.