ALIANZA NA WATOTO WATATU. NA WEWE JE?



Labda umepewa karatasi hii uwanjani, labda stendi, labda umefungiwa karanga. Usiitupe. Isome mpaka mwisho, maana haikukufikia kwa bahati tu.

Hebu nikuulize. Ukifa leo, jirani zako watalia kwa sababu gani? Usijibu haraka.

Kule Yafa alikuwako mwanamke aliyeitwa Dorkasi (soma Matendo ya Mitume sura ya 9). Alipokufa, wajane hawakumsimulia Petro jinsi alivyokuwa anaomba kwa sauti kubwa. Walimwonyesha nguo! Kanzu alizowashonea kwa mikono yake ndizo zilizomshuhudia, wakati yeye mwenyewe hawezi tena kusema.

USHUHUDA WA MOSHONO

Sasa tutoke Yafa, tuje hapa hapa kwetu Arusha, Moshono, chini ya Mlima Meru. Wengi mnaijua shule ya St Jude. Je, mnajua ilianzaje?

Aliyeianzisha ni mama mmoja, Gemma Sisia. Alikulia Australia, kwenye shamba la kondoo karibu na mji mdogo wa Guyra, binti pekee kati ya ndugu 7 wa kiume. Angeweza kukaa kwao akatulia. Lakini katika miaka ya 1990, angali kijana, alikwenda Uganda kujitolea kufundisha katika shule ya masista. Baadaye akaolewa na Mtanzania, Richard Sisia, na baba mkwe wake akampa kipande cha ardhi Moshono ajenge shule. Wewe mtu wa Arusha unajua ardhi ni kitu gani! Mzee hakutoa maneno, alitoa shamba.

Mwaka 2001 Serikali ilikuwa imefuta ada katika shule za msingi. Watoto wakamiminika, madarasa yakafurika. Shule za Kiingereza zilikuwepo, lakini za wenye nazo. Mtoto wa mama muuza ndizi angeingilia wapi?

Januari 2002 mama huyu alifungua mlango. Wakaja watoto wangapi? Mia? Hamsini? Wapendwa, walikuja WATATU. Tuseme kweli: mimi na wewe tungefunga. Tungesema Mungu hayumo. Tungesubiri wafadhili kwanza.

Yeye hakufunga. Leo shule hiyo ina wanafunzi wapatao 1,800, wanasoma bure, wanakula, wengine wanalala hapo hapo. Wanaochaguliwa ni wenye akili ambao kwao ni maskini kweli, na watu wa shule huenda hadi nyumbani kuhakikisha. Wahitimu wa kidato cha sita nao hujitolea mwaka mzima, wengi wao wakifundisha shule za Serikali. Aliyepewa anajifunza kutoa. Haleluya!

"JE, HUYO MAMA AMEOKOKA?"

Najua mpendwa mmoja ameshauliza hivyo. Mama huyu ni wa malezi ya Kikatoliki, na shule ameipa jina la Mtakatifu Yuda. Moyo wake anaujua Bwana, mimi siyo hakimu. Ila swali langu linakurudia wewe uliyeokoka, unayenena kwa lugha, unayefunga siku tatu kavu: tunda lako liko wapi? Mtoto gani wa mtaani kwenu anakula kwa sababu wewe umeokoka?

Nami siandiki kama mtu safi. Nilikuwa na jirani, bibi mzee aliyekaa na mjukuu wake. Kila asubuhi, wenzake wakienda shule, yule mtoto alipita na sufuria ya mahindi ya kuchemsha kichwani. Mimi natoka mkesha, sauti imekauka kwa kuombea mataifa. Namwambia, "Mungu akubariki, mwanangu," napita. Alikuwa anahitaji sare na madaftari. Nilikuwa na uwezo huo. Mwaka mzima nilisema, "Naliombea jambo hili." Siku nilipobisha hodi, akafungua mpangaji mwingine. Walishahama, na hakuna aliyejua wamekwenda wapi.

Nimetubu, na Bwana amenisamehe. Lakini yule mtoto sijamwona tena. Kuna mambo damu ya Yesu inayafuta mbinguni, ila hapa duniani nafasi imeshapita. Ndiyo maana nakusihi!

SHETANI ANAKUDANGANYA HIVI

1. "Sina kitu." Mjane wa Sarepta alikuwa na konzi ya unga (1 Wafalme 17). Mungu hakumwomba gunia.

2. "Watoto wenyewe ni wengi, nitawaweza?" Nani amekwambia uwaweze wote? Anza na mmoja. Moshono walianza na watatu.

3. "Kazi hiyo ni ya wazungu." Uongo! Ardhi ya Moshono ilitoka kwa mzee wa hapa hapa.

LAKINI SIKIA VIZURI

Matendo hayakuokoi. Ukijenga shule kumi bila Yesu, umepotea. Mti haupandwi kwa kufungiwa matunda kwa kamba. Unapandwa mizizi kwanza, matunda yanafuata. Ila mti usiozaa miaka nenda rudi, mwenye shamba atauuliza. Siku ile, kwa mfano wa kondoo na mbuzi (Mathayo 25), Mfalme atataja njaa, kiu na uchi. Utajibu nini?

Kama hujampokea Yesu, omba sasa hivi kwa imani:

"Bwana Yesu, mimi ni mwenye dhambi. Natubu. Nakuamini ulikufa kwa ajili yangu na ukafufuka. Ingia moyoni mwangu, uwe Mwokozi wangu. Nipe macho ya kumwona jirani yangu, na mikono isiyochelewa. Amina."

Umeomba? Tafuta kanisa linalohubiri wokovu, usikae peke yako. Na kabla jua halijazama, nenda kabishe hodi ile nyumba ambayo Roho ameshakutajia jina lake ukiwa unasoma. Usiseme kesho.

Ukimaliza kusoma, mpe mwenzako.