Picha ya Kubuni na Picha ya Maisha ya Mtu: Ipi ya Kuogopwa Zaidi?

Yako maswali ambayo mtu huyaona madogo mpaka yaingie nyumbani kwake. Moja katika hayo ni hili la senema. Mzazi huuliza: picha ipi nimruhusu mwanangu aitazame, na ipi nimkataze? Wengi wetu tumekwisha kujijibu bila ya kufikiri sana. Picha ya mitambo inayopigana, watu wanaosafiri kwenye nyota na silaha zinazotema moto, hiyo twaikataza kwa kuwa ni uongo mtupu. Picha inayoeleza maisha ya mtu mashuhuri, aliyekuwapo duniani kweli, twairuhusu, pengine twakaa tukaitazama pamoja na watoto, kwa kuwa ina mafunzo. Makala haya yataka kuitazama upya hukumu hiyo, kwani huenda tumeishika kichwa chini miguu juu.

Tuanzie mbali kidogo na pwani, huko Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe. Ni mji wa milimani, karibu kilomita 70 kusini ya Mbeya, kwenye barabara iendayo Kyela na mpaka wa Malawi. Mvua yake ni nyingi, baridi yake humfanya mtu wa Tanga au Mombasa alitafute blanketi, na pande zote ni migomba na mashamba ya chai. Wajerumani walipoitawala nchi waliuita mji huo Neu-Langenburg. Waislamu wa huko ni wachache kuliko Wakristo, kwani wamisionari wa Kimoravian walifika Rungwe tangu 1891. Lakini wapo, na miongoni mwao wamo waliotoka kwetu pwani kwa biashara na kazi. Tumeichagua Tukuyu kwa sababu iko mbali na bandari na mbali na majumba makubwa ya senema, na juu ya hayo picha za ulimwengu zimeifikia. Namna zilivyoifikia ndiyo yenye kutufundisha jambo.

Hazikufika kwa jumba kama Majestic ya Unguja. Zilifika kama zilivyofika katika miji mingi ya bara, kwa vibanda vya video: chumba cha mbao au mabati, mabenchi, televisheni moja, na kiingilio cha pesa kidogo. Na nyingi katika picha za vibandani zilikuja zimekwisha kutiwa sauti ya mfasiri wa Kiswahili. Ufundi huo wajulikana sana Uganda, na kwetu Dar es Salaam aliupatia sifa kubwa Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Mfasiri wa namna hii hafasiri neno kwa neno. Huzungumza juu ya sauti za wachezaji, huwapa majina ya kwetu, hueleza kinachokuja, hutia mzaha, na pengine hutoa mawaidha. Siku hizi picha zimehamia kwenye flashi na simu, lakini sauti ya mfasiri imezifuata huko huko.

Basi mtazamaji wa Tukuyu, sawa na wa Mtwara au Pemba, hapokei picha tupu. Hupokea habari iliyopita katika mikono kadhaa: yule aliyeisimulia mwanzo, yule aliyeitengenezea picha, na yule aliyeifasiri. Sisi Waislamu si wageni wa jambo hili. Wanavyuoni wetu walijenga elimu nzima ya kuuliza: habari hii nani kaipokea, kwa nani, na je, ni mtu wa kuaminiwa? Tulikumbuke hilo, maana ndilo litakalotupa mizani.

Tuzitazame kwanza picha za kubuni. The Terminator, iliyotoka 1984, yasimulia mashine yenye umbo la mtu, iliyotumwa kutoka wakati ujao ili imwue mwanamke kabla hajamzaa mtoto atakayeongoza vita dhidi ya mashine. Ni kelele, ni moto, ni vioo kuvunjika. Lakini hakuna kijana atokaye kibandani akaapa kwamba jambo lile limetokea. Mfasiri akimwita yule mwanamke Mwanaidi badala ya Sarah, nani aliyedhulumiwa? Hakuna. Mtoto wa Rungwe husimuliwa maajabu ya Ziwa Ngozi, lililomo ndani ya tundu la volkano kwenye milima ya Poroto. Mtoto wa pwani husimuliwa visa vya Abunuwasi na majini. Wote wawili hulala usingizi wao wakijua kwamba hadithi ni hadithi. Uongo ni kumfanya mtu aamini kisichokuwa. Kisa kinachojitangaza mlangoni kwamba ni cha kubuni hakimdanganyi mtu.

Hatusemi kwamba picha hizo hazina madhara. Kuua kunakofanywa mchezo huuzoeza moyo ugumu, mavazi na mienendo mingine haifai kutazamwa, na wakati wa sala hupita mtu ameketi. Pengine hata maneno ya dini yetu huazimwa. Dune: Part Two, iliyotoka 2024 na kutokana na kitabu cha Frank Herbert cha 1965, yahusu sayari ya jangwa ambayo wengi katika watu wake wamngojea mkombozi wanayemwita Mahdi na Lisan al-Gaib. Baadhi ya picha zake zilipigwa katika majangwa ya Jordan na Abu Dhabi. Kijana wa Kiislamu akilisikia jina la Mahdi pale atashtuka, na ni haki yake kuuliza. Lakini swali lake lina jibu jepesi: neno limeazimwa, mwanangu, na kisa chenyewe chaonya juu ya watawala wanaopandikiza imani kwa watu ili wawatawale. Hatari ya picha kama hii iko wazi, na mzazi aliyeketi karibu aweza kuitibu kwa maneno machache.

Ama picha za maisha ya watu, hapo mambo hugeuka. Mtazamaji huingia akiwa ameweka ngao chini, kwani ameambiwa kwamba haya ni ya kweli. Chukua mfano tunaoupenda. Mwaka 1992 Spike Lee alitoa Malcolm X, picha ya zaidi ya saa tatu, na mchezaji mkuu ni Denzel Washington. Ni kazi nzuri, na ilipewa ruhusa isiyo ya kawaida ya kupigwa sehemu yake Makka. Lakini ndani yake, anayemvuta Malcolm gerezani kwenye kundi la Elijah Muhammad ni mfungwa mwenzake aitwaye Baines. Mtu huyo hakuwapo. Ameundwa na watengenezaji wa picha kwa kuchanganya watu mbalimbali. Waliomfikia Malcolm gerezani, kwa barua na kwa miguu yao, walikuwa ndugu zake wa damu. Kadhalika dada yake Ella, aliyempa pesa za kwendea Hija mwaka 1964, humo hayumo.

Tuipime hasara hiyo. Dada aliyetoa mali yake ili ndugu yake akahiji amefutwa, na mfungwa asiyekuwapo amepewa sifa ya kazi iliyofanywa na ndugu. Mtengenezaji atasema kwamba alifupisha. Lakini aliyeketi kwenye benchi hajui kilichofupishwa wala kilichoongezwa. Atatoka akisema, "Nimemwona Malcolm X kwa macho yangu," na kesho atamsimulia mwenzake, na mwenzake atamsimulia mwingine. Hivyo ndivyo ushahidi wa uongo unavyozaliwa bila ya mtu yeyote kukusudia kusema uongo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi, kwa sababu wamhusu mtu ambaye wengi wetu hatumtetei. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa Unguja mtoto wa Kiparsi, Farrokh Bulsara. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Mtoto alipelekwa shule ya bweni huko Panchgani, Bara Hindi, akarudi Unguja, na baada ya Mapinduzi ya 1964 familia ikahamia Uingereza. Huko akawa mwimbaji Freddie Mercury, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991 kwa maradhi yaliyotokana na UKIMWI. Mwaka 2018 ilitoka picha ya maisha yake, Bohemian Rhapsody, na mchezaji wake Rami Malek akapata tuzo ya Oscar.

Picha hiyo yaonesha kwamba bendi yake ilivunjika kwa kuwa yeye aliwaacha wenzake akaenda kuimba peke yake, kisha akawarudia kuomba radhi kabla ya tamasha kubwa la Live Aid la Julai 1985, na hapo akawaambia kwamba ana maradhi. Lakini bendi haikuwa imevunjika. Ilitoa sahani ya nyimbo mwaka 1984, na Januari 1985 iliimba Brazil mbele ya umati mkubwa. Mwenzake Roger Taylor alikuwa ametoa sahani yake binafsi tangu 1981, kabla ya yeye Mercury kutoa yake. Na habari za ugonjwa, kama wanavyoeleza waandishi wa maisha yake, alizipata karibu na 1987, miaka miwili baada ya tamasha. Maana yake ni nini? Ni kwamba marehemu amebebeshwa kosa la kuwasaliti wenzake, na habari za ugonjwa wake zimetangulizwa ili watazamaji walie mahali panapofaa kibiashara. Na katika waliosaidia kuitengeneza picha hiyo wamo wenzake wa bendi waliobaki hai. Aliyekufa hakuulizwa.

Pengine msomaji atasema: yatuhusu nini sisi? Huyo hakuwa Muislamu, na mwenendo wake hatuukubali. Ni kweli kwamba mwaka 2006 sherehe iliyopangwa Unguja kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilipingwa na jumuiya ya Kiislamu, ikafutwa. Lakini kukataa kumsherehekea mtu ni jambo moja, na kukubali azuliwe ni jambo jingine kabisa. Aya ya 8 ya Suratul Maida yatuamrisha kwamba kuchukiana na watu kusitupeleke kwenye kuacha uadilifu. Uadilifu hauna kazi kubwa kwa tumpendaye, kwani huyo hata bila ya amri tungemtendea wema. Hupimwa kwa tusiyempenda. Muislamu anayesimulia barazani kwamba mtu yule aliwasaliti wenzake, na hali hana ushahidi ila senema, amebeba neno ambalo ataulizwa, awe aliyesimuliwa ni nani. Na Mtume (s.a.w.) ametukataza kuwatukana waliokufa, kwani wamekwisha kuyafikia waliyoyatanguliza.

Wenye kutengeneza picha wana hoja yao, na si ya kupuuzwa. Wao husema: maisha ya miaka 45 hayaingii katika saa mbili, lazima tuchague. Ni kweli. Lakini kuacha si sawa na kuongeza. Anayeacha amenyamaza, anayeongeza ametoa ushahidi. Na kwamba kunyamaza kwawezekana hata katika senema, tuna mfano. Moustapha Akkad alipotengeneza Ar-Risala mwaka 1976, habari za mwanzo wa Uislamu, hakumwonesha Mtume (s.a.w.) wala hakuisikizisha sauti yake. Waliozungumza naye waonekana wakizungumza, na jibu halisikiki. Wanavyuoni walihitilafiana juu ya picha hiyo, na wengine waliikataa. Hatuna haja ya kuamua hilo hapa. Tunalochukua ni hili: mtengenezaji aliona mpaka, akasimama kwenye mpaka, na kisa chake hakikuanguka kwa sababu hiyo. Kama heshima ilimwezesha mtu kunyamaza mahali pakubwa kama hapo, basi ufupi wa wakati si udhuru wa kuzua mahali padogo.

Sasa mtazamaji afanye nini? Wanyakyusa wa Rungwe wana neno lao, ukwangala, yaani raha ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja na wenzio. Monica Wilson, aliyekaa kwao akiwachunguza katika miaka ya 1930, aliandika kwamba zamani vijana wa rika moja walijenga kijiji chao wenyewe, na kwamba watu waliamini hekima hupatikana katika mazungumzo ya namna hiyo. Neno hilo halihitaji kufasiriwa sana kwa mtu wa pwani, kwani sisi twaliita baraza. Kibandani watu hukaa pamoja, lakini anayezungumza ni mfasiri peke yake. Kwenye simu hali ni mbaya zaidi, kwani kila mmoja yuko peke yake na waya masikioni. Kilichopotea ni mazungumzo yanayofuata, pale ambapo mmoja husema, "Lakini mimi nilisikia vingine," na mwingine huuliza, "Wewe umejuaje?"

Hayo ndiyo tunayopaswa kuyarudisha majumbani. Ikitazamwa picha ya maisha ya mtu, isiachwe imalizike na taa kuzimwa. Mzazi aulize maswali matatu. Nani aliyeisimulia habari hii? Nani anayepata faida ikiwa hivi? Na nani aliyetajwa humo ambaye hawezi kujibu? Mtoto aliyezoezwa maswali hayo hatadanganyika na senema tu. Hatadanganyika na gazeti, wala na porojo za sokoni, wala na sauti zinazopita kwenye simu bila ya mwenyewe kujulikana.

Ama ile mashine ya chuma kutoka wakati ujao, mkataze mwanao ukipenda, kwa kuwa ina kelele na umwagaji damu. Lakini usimkataze kwa kusema kwamba ni uongo, kisha ukamketisha mbele ya maisha ya marehemu yaliyopakwa rangi ukamwambia kwamba hii ndiyo kweli. Mashine haina heshima ya kuvunjwa. Marehemu anayo, na kwa kuwa mdomo wake umekwisha kufungwa, amana ya heshima hiyo iko katika ndimi zetu tuliobaki.

Wabillahi tawfiq.