Tusiifunge Njia ya Jirani



Mwezi huu tunataka kusema nanyi juu ya njia. Hatusemi kwa mafumbo. Tunasema juu ya njia ya miguu, ile tunayoikanyaga kila siku tukienda kuteka maji.

Dada mmoja aliyeimba katika kwaya yetu anaishi sasa Boise, mji mkuu wa jimbo la Idaho kule Marekani. Ametuandikia kwamba siku ya Jumamosi yeye na watoto hutembea katika njia iitwayo Boise River Greenbelt. Njia hiyo inafuata mto chini ya miti, urefu wake ni kilomita 40 hivi, nayo inaunganisha bustani nyingi za mji. Mwenye miguu anapita, mwenye baiskeli anapita, mama mwenye kigari cha mtoto anapita. Kila mtu hushika upande wake wa kulia, na mwenye baiskeli hupiga kengele kabla ya kumpita mwenzake. Hakuna anayeulizwa ametoka kabila gani.

Wapendwa, njia hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Katika miaka ya 1960 mto ule ulikuwa mchafu, watu wakitupa humo taka na maji machafu. Mwaka 1964 mji ulipewa shauri la kupata ardhi kando ya mto ili pawe na ukanda mmoja wa kijani. Bustani chache zilikuwapo tayari. Mwaka 1907 Thomas Davis aliupa mji zaidi ya ekari 40, na bustani ile inaitwa kwa jina la mkewe, Julia. Mwaka 1959 ilifunguliwa nyingine ya kumkumbuka Ann Morrison. Lakini bustani zilizotengana si njia. Ilibidi vipatikane vipande vya katikati, kimoja kimoja, kwa miaka mingi. Wengine walitoa ukingo tu wa ardhi yao. Kama mmoja katikati angekataa, watu wangefika kwake na kurudi nyuma.

Sisi tunajua maana ya kufika na kurudi nyuma. Someni Hesabu 20, kuanzia mstari wa 14. Israeli waliotoka utumwani walimwomba mfalme wa Edomu ruhusa ya kupita tu. Waliahidi kutokanyaga mashamba wala mizabibu, na kuyalipia maji wakiyanywa. Edomu alikuwa ndugu yao, mzao wa Esau. Lakini alikataa, akatoka na jeshi, nao wakageuka wakazunguka mbali. Ni wangapi kati yetu walioonja hilo mpakani? Na mwezi Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, familia zilizokuwa zimekwisha kupimwa afya ziliambiwa zingoje. Wengine walikuwa wameuza hata sufuria. Tumelia pamoja nao, na hatujaacha kuwaombea.

Dada yetu anasema kwamba kando ya njia ile kuna mahali pa kumbukumbu palipofunguliwa mwaka 2002. Hapo pana sanamu ya msichana Anne Frank akichungulia dirishani, na Tangazo la Haki za Binadamu la mwaka 1948 limechongwa ukutani. Anne alikuwa mkimbizi kama sisi. Familia yake, Wayahudi, ilitoka Ujerumani ikaenda Uholanzi. Baba yake alijaribu kupata ruhusa ya kwenda Marekani, hakufanikiwa. Walijificha mwaka 1942, wakakamatwa mwaka 1944, na Anne akafa kambini mwaka 1945. Mtoto aliyenyimwa njia sasa anatazama njia isiyomfukuza mtu.

Sasa tuje kwetu. Sisi wazee wa kanisa tunalo la kuungama mbele yenu. Msimu uliopita tuliizungushia miiba bustani ya maharage ya kanisa ili mbuzi wasiingie. Jambo hilo lilikuwa jema, lakini miiba ile iliikata njia ya kwenda bombani. Akina mama wa upande wa pili, ambao wengi wao si wa lugha yetu wala si wa kanisa letu, wanazunguka na madumu kichwani. Mama mmoja mjamzito alianguka katika mtelemko. Alipokuja kulalamika, tulimjibu kwamba kiwanja ni chetu. Wapendwa, siku ile Edomu alikuwa sisi. Mama yule tumekwenda kumwomba msamaha.

Hatuwezi kufungua mipaka ya mataifa. Hatuna mhuri wala ofisi. Lakini hatua mbili za ukingo wa shamba tunazo. Isaya 58 inasema juu ya mfungo anaoupenda Mungu: kumlisha mwenye njaa, kumkaribisha asiye na nyumba. Katika mstari wa 12 nabii anaahidi kwamba watu wa namna hiyo watapewa jina jipya, jina la watengenezaji wa mahali palipobomoka na wa njia za kukaa. Jina la mkimbizi tulipewa na vita. Hilo lingine tunalipata kwa jembe.

Basi Jumamosi hii, baada ya maombi ya asubuhi, tutaing'oa miiba ya upande wa bombani na kusogeza mistari ya maharage. Njoni na majembe na mapanga. Na wewe uliyefunga njia nyuma ya nyumba yako, tazama kiwanja chako usiku huu pamoja na watoto wako. Jiulize ni nani anayezunguka kwa ajili yako.

Bwana aliyetupitisha porini usiku awape moyo wa kupitisha wengine. Amina.

Ni sisi ndugu zenu, wazee wa kanisa.